Yule Mwanamume Yuko Wapi?

Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka C
Masomo: Isaya 43:16-21, Wafilipi 3:8-14, Yohane 8:1-11



Tunawasalimu kutoka Mtinko, mkoani Singida. Majira haya ya Kwaresima mtama na uwele viko shambani, na watoto wetu wanashinda wakiamia ndege. Tunawasalimu kwa namna ya pekee wagonjwa mlioshindwa kufika kanisani, wazee mliobaki nyumbani, na ninyi makatekista mnaoongoza Ibada ya Neno katika vigango ambako padre hatafika leo. Neno la Mungu liwafikie nyote.

Injili ya leo mmekwisha kuisikia. Ni alfajiri, na Bwana wetu Yesu Kristo ameketi Hekaluni akifundisha. Waandishi na Mafarisayo wanamleta mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, wanamsimamisha katikati ya watu. Wanamkumbusha Yesu kwamba Torati ya Musa inaagiza mwanamke wa namna hiyo apigwe mawe, nao wanataka kujua Yeye anasema nini. Mwinjili hatufichi nia yao: walitaka kumtega. Kwa hiyo mwanamke yule, mbele ya macho yao, hakuwa mtu tena. Alikuwa chambo.

Ndugu zangu, uzinzi hautendwi na mtu mmoja. Waliosema kwamba wamemfumania mmoja walikuwa wamewafumania wawili. Tena Torati yenyewe, katika kitabu cha Walawi sura ya 20 na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, iliwataja wote wawili, mwanamume na mwanamke, na kuwapa hukumu moja. Wataalamu wale wa sheria walileta nusu ya kesi. Basi tunauliza, na swali hili litatuongoza katika mahubiri haya yote: Yule mwanamume yuko wapi? Injili haisemi. Labda alitoroka. Labda alikuwa mtu mwenye heshima, wakaona haya kumgusa. Labda alikuwa hapo hapo katika kundi, ameshika jiwe kama wenzake.

Ili tulifikirie swali hilo vizuri, tunapenda kuwasimulia sinema moja ya zamani sana, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1926. Inaitwa The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu. Ni sinema bubu, kama zilivyokuwa sinema karibu zote za wakati ule. Watu wanatembea, wanalia, wanafumbua midomo, lakini sauti zao hazisikiki. Maneno machache tu huandikwa na kuonyeshwa baina ya picha na picha. Sisi wa redio tuko kinyume chake: ninyi mnatusikia, wala hamtuoni. Yule atazamaye sinema bubu analazimika kusoma nyuso. Na uso wa mtu, wapendwa, mara nyingi husema yale ambayo mdomo umekataa kuyasema.

Aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Victor Sjöström, mtu wa Sweden. Mwigizaji mkuu alikuwa mwanamke Mmarekani, Lillian Gish, aliyefariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 99. Hadithi yenyewe imetoka katika riwaya ya Nathaniel Hawthorne iliyochapishwa mwaka 1850. Inasimulia habari za Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza waliovuka bahari katika karne ya 17 na kuanzisha mji wa Boston mwaka 1630. Tuwatendee haki watu hao. Walikuwa watu wa sala na wachapa kazi. Walipenda kusoma Neno la Mungu, hata hawakukawia kuanzisha shule. Chuo kiitwacho Harvard walikianzisha mwaka 1636, miaka 6 tu baada ya mji wenyewe. Walitaka kujenga mji mtakatifu. Nia hiyo ni njema, na ni nia yetu pia. Hatari inaanza pale watu wanaotaka mji mtakatifu wanapotafuta mtu mmoja wa kuubeba uchafu wote wa mji.

Katika mji huo anaishi mwanamke kijana, mshona nguo, jina lake Hester Prynne. Siku moja ya Dominika ndege wake mdogo anatoroka, naye anatoka mbio kumfuata. Kwa sheria ya mji ule, kukimbia ovyo katika siku ya Bwana ni kosa. Hester anahukumiwa, na miguu yake inatiwa katika mkatale mbele ya watu wote. Watoto wetu wa Mtinko, wanaokimbizana na ndege hata siku ya leo, wangeijaza mikatale yote ya Boston!

Anayemhurumia Hester ni mchungaji kijana wa kanisa lile, Arthur Dimmesdale, mhubiri anayependwa na waumini wote. Huruma inageuka kuwa mapenzi. Mchungaji anapotaka kumwoa, ndipo Hester anapomfunulia kwamba ameolewa tayari, na kwamba mume wake hajulikani aliko. Lakini wawili hao wamekwisha kupita mpaka. Hester anazaa mtoto wa kike. Wazee wa mji wanampandisha jukwaani, wanamvika kifuani herufi A ya kitambaa chekundu, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya mwanamke mzinzi, na wanamwamuru aivae siku zote. Kisha wanadai amtaje baba wa mtoto. Na anayepewa kazi ya kumsihi amtaje ni nani? Ni Mchungaji Dimmesdale mwenyewe. Hester anamtazama, anakataa kulitaja jina. Mwanamume anataka kusema, naye Hester anamzuia, kwa kuwa anaona watu bado wanamhitaji mchungaji wao.

Tangu siku hiyo mwanamke anavaa dhambi juu ya nguo, na mwanamume anaivaa chini ya nguo. Mwanamke anatengwa, lakini anaishi. Anafanya kazi, anamlea mtoto. Mwanamume anaheshimiwa, lakini anakauka kama mti ulioliwa na mchwa kwa ndani. Mwishoni anashindwa. Siku ya sherehe kubwa anapanda lile jukwaa la aibu, anaungama mbele ya mji mzima, anafunua kifua chake. Kumbe naye ana herufi ile ile, aliyojichoma mwenyewe katika mwili wake. Anaanguka na kufa mikononi mwa Hester.

Aliyeigiza nafasi ya mchungaji alikuwa Lars Hanson, Msweden. Wakati wa kupiga picha yeye alisema maneno yake kwa Kiswidi, na Lillian Gish akasema ya kwake kwa Kiingereza. Kwa kuwa sinema ilikuwa bubu, hakuna mtazamaji aliyejua. Jambo hilo lilikuwa la kazi tu, lakini linatufaa kama mfano. Watu wawili wanatenda jambo moja. Ukifika wakati wa kulijibu, kila mmoja ana lugha yake. Mwanamke anajibu kwa tumbo ambalo kila mtu analiona. Mwanamume anajibu kwa kunyamaza.

Wapendwa wasikilizaji, hadithi hii si ya Marekani tu. Hapa kwetu herufi nyekundu haikushonwa kwa uzi. Ilikuwa sare ya shule iliyovuliwa.

Tukumbushane historia. Kwa miaka mingi nchini Tanzania Bara, msichana aliyeonekana kuwa na mimba aliondolewa shuleni. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Mwezi Juni mwaka 2017 Hayati Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba katika uongozi wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukalithibitisha jambo hilo. Mlango wa shule, basi, umefunguliwa kwa maandishi. Swali letu la Kwaresima ni hili: je, umefunguliwa katika mioyo ya watu wa kijiji?

Hapa yatupasa kutofautisha mambo, hasa ninyi makatekista, msije mkachanganya waumini. Hester wa sinema alikuwa mwanamke mzima, na alijua alitendalo. Binti wa kidato cha pili hayuko hivyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamhesabu kuwa mbakaji mwanamume anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mke wake, hata kama msichana alisema ndiyo. Na Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamwekea kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Kwa hiyo tusimwite binti huyo mzinzi. Mara nyingi yeye ni mtoto aliyedanganywa kwa nauli ya bodaboda, kwa chipsi, kwa simu ya mkononi, au aliyelazimishwa na mtu anayemwogopa. Ukimsimamisha katikati kama mkosaji mkuu, umerudia kosa la Mafarisayo, tena kwa mtu mnyonge zaidi kuliko yule wa Injili.

Sasa tuulize tena: Yule mwanamume yuko wapi?

Katika vijiji vyetu jibu linajulikana sana. Kesi inaanza kwa hasira, kisha inapoa. Baba wa kijana anakwenda kwa baba wa binti nyakati za jioni. Wanakaa. Wanataja mbuzi kadhaa, labda ng'ombe mmoja, labda magunia ya alizeti yakishavunwa. Wanasema wameyamaliza kifamilia. Polisi wakiuliza, binti anaambiwa aseme hamjui mhusika, kwamba alikuwa mpita njia tu aliyekutana naye mnadani. Jina linafichwa. Hester alificha jina kwa hiari yake, kwa sababu ya upendo. Binti huyu anafichishwa jina na wazazi wake mwenyewe, na bei imekwisha kulipwa bila yeye kuulizwa.

Tusishangae sana, maana jambo hili lina mizizi. Mila zetu Wanyaturu, sawa na za makabila mengi yatoayo mahari ya mifugo, zilitatua makosa ya namna hii kwa fidia. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Harold Schneider, aliyekaa na kuwachunguza Wanyaturu karibu na mwaka 1960, aliandika habari za mapenzi ya siri baina ya watu waliokwisha kuoa na kuolewa, ambayo wazee wanayakumbuka kwa jina la mbuya. Jambo halikuwa na kelele maadamu halikuonekana. Likionekana, mwenye mke alidai alipwe. Tusiwadharau wazee wetu. Fidia ilizuia damu isimwagike baina ya koo, na hilo ni jema. Lakini angalieni: Wapuritani waliandika dhambi kifuani mwa mwanamke, na desturi yetu ikaihesabu kwa mifugo baina ya wanaume. Kwa njia zote mbili hakuna aliyemwuliza mwanamke moyo wake unasema nini, na hakuna aliyemwambia mwanamume atubu.

Wapendwa, siri iliyonunuliwa haimponyi hata yule aliyeinunua. Mchungaji wa sinema hakuadhibiwa na mtu yeyote. Watu waliendelea kumsifu, na kila sifa ilikuwa mkuki. Sisi mapadre, na ninyi makatekista, walimu na viongozi wa halmashauri za walei, tuitazame sehemu hiyo kwa hofu ya Mungu. Mtu anaweza kufundisha amri ya sita vizuri sana huku kifua chake kimefungwa vifungo vyote. Heshima ya cheo ni kanzu ndefu. Inaficha mengi kwa watu, haifichi kitu kwa Mungu.

Kanisa Katoliki halina jukwaa la aibu. Lina kiti cha kitubio. Hapo mtu anataja dhambi yake mwenyewe, wala si ya jirani, mbele ya padre ambaye haruhusiwi kuitoa siri hiyo hata kama angetishiwa kifo. Hiyo ni huruma kubwa, na Kwaresima ndiyo wakati wake. Lakini isieleweke vibaya. Siri ya kitubio si kichaka cha kujificha mtu anayekimbia wajibu. Aliyeiba ng'ombe hawezi kuungama na kubaki na ng'ombe zizini, anatakiwa kurudisha. Vivyo hivyo aliyemharibia binti maisha hawezi kuungama Jumamosi, akapokea Ekaristi Dominika, na huku mtoto wake analala njaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Toba ya kweli ina miguu. Inatoka kanisani, inakwenda hadi kwenye ule mlango, inabisha hodi. Na kama sheria ya nchi inamdai, toba ya kweli haihongi mashahidi.

Tumtazame sasa mtoto. Katika sinema ile mtoto wa Hester anaitwa Pearl, maana yake Lulu. Mabinti wetu wengi wanaitwa Lulu, na katika Injili ya Mathayo lulu ni mfano wa Ufalme wa Mungu, ambao mfanyabiashara aliuza vyote ili aupate. Mama yule alilipa kila alichokuwa nacho, akabaki na lulu yake. Lakini mji ulimtazama mtoto kana kwamba naye ni herufi nyekundu, ila yenye miguu.

Na sisi je? Kuna maneno yasemwayo visimani na vilabuni juu ya watoto wa namna hiyo ambayo hayafai kurudiwa redioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Kanisa nalo limekua katika jambo hili. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, mvulana aliyezaliwa nje ya ndoa halali hakuweza kupewa Daraja Takatifu ila kwa ruhusa maalumu. Sheria ya mwaka 1983 haina tena kizuizi hicho. Mwaka 2013 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye Mungu alimwita mwaka 2025, aliwakemea wanaomrudisha nyumbani mama asiye na ndoa anapomleta mtoto wake abatizwe. Mama huyo angeweza kuitoa mimba kwa siri, na kijiji kisijue. Alichagua uhai, akabeba aibu. Anapofika na mtoto mgongoni, katekista amkaribishe kwanza. Maswali ya mafundisho, ya wasimamizi na ya malezi ya imani yatafuata, tena kwa upole. Mtoto hakufanya kosa lolote.

Tunarudi sasa Hekaluni, alipo Bwana wetu. Habari hii ya leo ina historia ya ajabu. Katika baadhi ya nakala za kale kabisa za Injili ya Yohane haimo. Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430, alifikiri kwamba wapo watu wa imani haba walioiondoa kwa hofu ya kuwapa wake zao ruhusa ya kutenda dhambi. Lakini Kanisa liliipokea na kuihifadhi, na leo linaisoma kwa sauti katika kila pembe ya dunia. Hata sinema ya Herufi Nyekundu ilipata kizuizi cha namna hiyo. Makanisa na vyama vya akina mama vya Marekani viliipinga isitengenezwe, mpaka Lillian Gish mwenyewe alipowaandikia barua na kukubali kuwajibika. Huruma imeogopwa siku zote. Watu wengi wanadhani kwamba tukimsamehe mmoja, wote wataharibika.

Je, Yesu alifanya nini? Aliinama, akaandika kwa kidole chini. Injili zote nne hazitaji mahali pengine popote ambapo Bwana aliandika. Aliandika nini? Mababa wa Kanisa wamekisia mengi, na sisi hatutaongeza kisio letu. Tunachokijua ni mahali alipoandika. Hakuandika kifuani mwa mtu. Aliandika chini, mavumbini. Ninyi watu wa Singida mnayafahamu mavumbi. Mnajua maandishi ya vumbini hudumu kwa muda gani upepo wa kiangazi ukianza. Wanadamu wanapoandika dhambi ya mtu, huitafutia mahali pasipofutika. Mungu aliichagua sehemu ya kwanza kufutika.

Kisha akawaambia kwamba asiye na dhambi kati yao awe wa kwanza kurusha jiwe. Wakaondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Tuwape sifa wazee wale kwa jambo hilo moja. Walikuwa wameishi siku nyingi, wakajijua. Tungependa wazee wetu wa Mtinko nao wawe wa kwanza: wa kwanza kuweka jiwe chini, wa kwanza kukataa mbuzi wa kununua siri, wa kwanza kumwambia kijana wa ukoo wao akabili alilolitenda.

Wakabaki wawili tu, Yesu na yule mwanamke. Bwana akamwambia mambo mawili, na tusiyatenganishe. La kwanza, kwamba Yeye hamhukumu. La pili, aende zake wala asitende dhambi tena. Wapo wapendao la pili peke yake, nao hujenga mji wa Wapuritani. Wapo wapendao la kwanza peke yake, nao hujenga mji usio na mipaka, ambamo wanyonge huliwa na wenye nguvu. Yesu alisema yote mawili, tena kwa utaratibu huo: kwanza akamsimamisha mtu, ndipo akamwonyesha njia. Mtu aliyelala chini huwezi kumwambia atembee.

Basi wiki hii tunawaomba mambo machache.

Wazazi, binti akipatwa na hilo, msimfukuze nyumbani usiku. Mchukueni kliniki, na akishajifungua mrudisheni shuleni. Baba asipokee kitu chochote cha kufunga kinywa cha binti yake.

Walimu, anaporudi darasani, mpeni dawati kama wengine, na mkataze kicheko siku ya kwanza kabisa, kwa maana asipokatazwa siku ya kwanza ataondoka siku ya pili.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mnapomtembelea mama kijana, msiende kuchungulia sura ya mtoto ili mjue anafanana na nani. Nendeni na unga, nendeni na kanga, mkae naye hata saa moja tu mkizungumza mambo ya kawaida. Na kama jumuiya imemwondoa mama huyo katika kwaya au katika chama cha kitume, mkae pamoja na paroko wenu mwone njia ya kumrudisha.

Nanyi wanaume, vijana na watu wazima, ambao mnatusikiliza na mnajua kwamba swali la leo linawahusu: hatuwajui, wala hatutaji jina lenu. Mungu anawajua. Yule mtu wa Injili alikosa kitu kikubwa asubuhi ile. Aliokoa ngozi yake, lakini hakusimama mbele ya Yesu. Mwanamke alisimama hapo katika aibu, akaondoka amesamehewa. Yeye alibaki mafichoni na dhambi yake. Msikose alichokosa. Mchungaji wa sinema alingoja mpaka siku ya kufa kwake ndipo akafungua kifua. Ninyi bado mna siku mbili kabla ya Jumatano, na mapadre wanaungamisha Kwaresima nzima.

Katika somo la kwanza Nabii Isaya ametuambia kwamba Mungu anatenda jambo jipya, anafungua njia jangwani na mito katika nchi kavu. Mtume Paulo naye anasahau yaliyo nyuma na kujitahidi kuyafikia yaliyo mbele. Binti aliyerudi shuleni amebeba daftari mkono mmoja na chupa ya maziwa ya mtoto mkono wa pili, huyo ndiye njia inayofunguliwa jangwani. Tusisimame katikati yake tukiwa na mawe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeinama mavumbini kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyeachwa peke yake, utuondolee mawe mikononi. Wape akina mama vijana wa nchi yetu ujasiri wa kuinua vichwa vyao. Wape watoto wao nyumba, jina na Ubatizo. Wape wanaume waliojificha neema ya kutoka mafichoni wakingali hai. Utufanye sisi sote kuwa Kanisa linaloweza kusema ukweli bila kumwua mtu. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Dominika njema.